Maji Haikai Chini

"Hii ni mara ya tatu wiki moja, Mama Masika. Ya tatu. Huo mguu wako una macho?"

Aryemo alikuwa amechutama katikati ya uwanja, anaokota maharage matopeni, moja moja, kama kuku. Kilo nne nzima. Alikuwa ameyaloweka asubuhi ili alfajiri yake ayabandike jikoni, ayachanganye na mihogo, ayapeleke kwa vijana wa machimbo ya mawe wanaomsubiri kila siku na sahani zao. Sasa maji yalikuwa yameshafika mlangoni kwa jirani, na beseni lake la bluu lilikuwa limelala kifudifudi. Aliyelipiga teke alikuwa amesimama palepale, kandambili zimelowa, na hakuonyesha dalili ya kukimbia wala kuomba radhi.

"Beseni ilikuwa chini," Feresita alisema.

"Ulitaka iwe wapi? Mbinguni?"

"Maji haikai chini. Nilisema juzi. Nilisema wiki ingine. Maji haikai chini, ikikaa mimi namwaga."

Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Aryemo zaidi. Mtu akikutukana, unajua pa kumshika. Huyu alikuwa anasema kama anayesoma tangazo ukutani.

Kwenye mlango wa tatu Immy, fundi cherehani, alisimamisha mashine yake ili asipitwe na neno. "Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Biira," alisema, "ila maharage yanazoleka. Zoa tu, mama."

Watu wakacheka. Nyumba ile ya kupanga ilikuwa na vyumba vinane, vinne vikitazamana na vinne, nyuma ya stesheni ya zamani ya reli mjini Kasese. Uwanja mmoja, bomba moja linalotoa maji likitaka, na wanawake saba wanaoamka na giza kupanga jerikeni. Kumwaga maji ya mtu katika nyumba kama ile ni kumtemea mate usoni.

Aryemo alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga. Alitaka kuambiwa jambo moja tu. Pale ukutani palikuwa na jerikeni zake saba, zimejaa, zimefungwa. Kwa nini hizo hazijawahi kuguswa? Kwa nini mguu wa Feresita ulitafuta beseni alilolowekea kazi yake tu? Kama ni chuki, aseme ni chuki, wajue wanaishi vipi.

Feresita alikuwa anamtazama mtoto. Biira, mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa amejivuta hadi kwenye beseni lililopinduka, amelishika ukingo, amesimama kwa miguu yake inayotetemeka, na anapiga kitako cha beseni kama ngoma, anacheka.

"Ondoa mutoto kwa maji," Feresita alisema. Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

"Ana jina!" Aryemo alimpigia kelele mlango. "Anaitwa Biira!"

Komeo likalia ndani.

Uadui wao ulianzia kwenye jina hilo. Aryemo alizaliwa Kitgum, kaskazini, na alikuja Kasese kumfuata mumewe Opio alipopata kazi kwenye kiwanda cha saruji. Hakuwa na mtu huku. Uchungu ulipomshika alijifungulia mikononi mwa mkunga mmoja mnene, mwenye utani, aliyemshika mkono usiku kucha na kumwita dada. Mkunga aliitwa Biira. Aryemo alisema mtoto naye ataitwa Biira, iwe shukrani kwa mkunga na heshima kwa watu wa mahali pale. Mkunga alicheka mpaka akakaa. Akauliza, huyu ni wa kwanza? Aryemo akasema ni wa kwanza. Mkunga akafuta macho, akasema basi, jina ni jina, akaliandika.

Siku aliporudi nyumbani na kichanga chake, majirani walikuja kumpongeza, na Feresita alikuja nao. Alileta karanga za kuchemsha, maana hiyo ndiyo biashara yake, anauza karanga nje ya kanisa. Akauliza jina la mtoto. Alipoambiwa, aliuliza, "Na ule wa kwanza, umeweka wapi?"

Aryemo alihisi kama amechomwa na kaa la moto. Wa kwanza yupi? Mbele ya mume wake, mbele ya majirani, mwanamke huyu anamwuliza mtoto wa kwanza alimficha wapi, au alimzika wapi? Alizirudisha karanga zile. Alisema maneno ambayo hadi leo angependa yasingetoka, kuhusu wanawake wazee wanaokaa peke yao na sababu zinazowafanya wakae peke yao. Tangu hapo Feresita hakukanyaga tena mlango wake, hakumwita Mama Biira kama wengine, na mtoto hakumtaja kwa jina hata siku moja. Na tangu Biira aanze kusimama akishikilia vitu, maji yakaanza kumwagwa.

Jioni hiyohiyo ya Alhamisi Aryemo aliandika barua. Alikuwa na mwandiko mzuri, na hasira iliunyoosha zaidi. *Sisi wapangaji tunaomba Bi Feresita afukuzwe katika nyumba hii, kwa kuwa ameharibu amani.* Alitia sahihi wa kwanza. Immy akatia wa pili huku akilalamika kwamba yeye binafsi hajawahi kumwagiwa, ila umoja ni umoja. Wengine wakafuata. Opio, aliyekuwa anavaa buti aende zamu, aliisoma barua, akauliza kama mama yule ana mahali pa kwenda. Aryemo akamwambia avae buti.

Mwenyekiti wa mtaa, Turyahikayo, alikuwa askari mstaafu na bado alipiga hatua kama yuko paredi. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akamrudishia.

"Mimi hapana fukuza mutu kwa sababu ya maji," alisema. "Huyu mama alitoka Bwera. Kule alifanya nini? Leta shahidi, leta habari yake. Kama kule pia ilikuwa matata, mimi nakuja na muhuri, Jumapili yeye hapana hapa. Kesho, saa kumi na moja jioni. Kwisha."

"Ndiyo, afande," Aryemo alisema. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya soko Bwera, mpakani na Kongo. Maharage hayakuwepo ya kupika. Safari ilikuwa imejipanga yenyewe.

Siku ya soko Bwera haihitaji kuuliza njia, unafuata watu. Wakongomani walikuwa wamevuka tangu asubuhi na vitenge na madumu ya mawese, na kutoka upande huu watu walikuwa wameshusha vitunguu, maharage, na samaki wakavu waliofungwa kwa majani. Aryemo alimkaza Biira mgongoni, akaanza na muuza samaki mmoja aliyeonekana kuwa mtu wa maneno. Akamwuliza kama amewahi kumjua mama mmoja anaitwa Feresita, aliyehamia Kasese.

"Ule wa kumwaga maji?" Muuza samaki aligeuka kumwita mwenzake. "Nobert, unakumbuka ule mama wa kumwaga maji? Alimwaga ya bibi yako?"

"Alimwaga ya mutaa muzima," alisema Nobert. "Walimufukuza."

Ilikuwa rahisi hivyo. Aryemo hata hakuwa amefuta jasho. Alihisi ule utamu wa mtu aliyeambiwa kwamba alikuwa na haki tangu mwanzo, akauliza kama mmoja wao anaweza kuyasema hayo kwa simu, mwenyekiti akisikia. Nobert akasema yeye hapendi mambo ya muhuri. Bora amwulize mtoto wa mama mwenyewe. Kabugho. Yuko kule kwa mawese.

Kabugho alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono imekuwa myekundu ya mawese hadi viwiko, na alikuwa anacheka na wenzake wawili alipomwona mgeni. Aryemo aliona ajifanye mteja kwanza. Aliuliza bei, akanusa dumu, akasema rangi imepauka. Lakini Kabugho macho yake yalikuwa mgongoni kwa Aryemo, ambako mtoto alikuwa ametoa kichwa na kumtolea ulimi.

"Mutoto muzuri! Jina yake?"

"Biira."

"Oo. Na Masika umemuachia nani?"

Aryemo aliganda na kizibo cha dumu mkononi. Swali lilelile. Lakini mwanamke huyu hakuwa na ubaya wowote usoni; aliuliza kama mtu anavyouliza umekujaje, kwa basi au kwa pikipiki.

"Masika gani?" alisema. "Sina Masika. Huyu ndiye wa kwanza."

Wale wanawake watatu walitazamana, kisha wakaangua kicheko. "Wa kwanza, halafu anaitwa wa pili!" alisema mmoja akipiga mapaja. "Mama, umeruka namba. Nani alikupa jina? Muzungu?"

Walimweleza wakipokezana, kila mmoja akimkosoa mwenzake. Kwao Wakonzo, mtoto huja na namba yake. Msichana wa kwanza ni Masika. Wa pili ndiye Biira. Wa tatu ni Kabugho. Wavulana nao wana yao: Baluku, Bwambale, Masereka, wanaendelea. Kwa hiyo ukisema huyu ni Biira, kila mtu anajua yuko dada yake mkubwa mahali, na adabu ni kumwulizia. Usipomwulizia ni kama umemdharau.

Aryemo alisikia uso ukimchemka. Mume wake ni Opio. Kwao Waacholi, Opio ni pacha anayetoka kwanza, na anayemfuata ni Ocen. Hakuna Mwacholi aliyewahi kuambiwa jina la Opio bila kumwuliza Ocen hajambo. Watu wamemwuliza Opio habari ya Ocen tangu azaliwe, na hajawahi kumrudishia mtu karanga. Ndivyo alivyofanya Feresita basi. Alimwulizia binti yake mkubwa, kwa adabu, na alichopata ni matusi mbele ya watu.

Kabla hajajua la kufanya na aibu hiyo, akili yake, ambayo haikuwa mvivu wa hesabu, iliendelea kuhesabu. Feresita huitwa Mama Masika. Huyu mbele yake ni Kabugho. Masika wa kwanza. Kabugho wa tatu.

Alirudisha kizibo kwenye dumu polepole. "Mimi natoka Kasese," alisema. "Nakaa nyumba moja na mama yako. Dada, nisamehe nikikuuliza. Biira yuko wapi?"

Kicheko kilikatika. Wale wawili wakakumbuka kwamba wana wateja. Kabugho alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, na alipomaliza alianza tena vilevile.

Aliyasema kwa ufupi, maana naye hakuyaona, alikuwa tumboni. Aliambiwa na shangazi. Mama yake alikuwa ameloweka mihogo ya unga wa obundu, ugali wa kwao, kwenye beseni la bati, pale mlangoni, kama kila mwanamke wa Bwera anavyoloweka. Muuza ndizi akamwita barabarani. Alikwenda akapatana bei ya mkungu mmoja wa ndizi, si zaidi ya hapo. Biira alikuwa ameanza juzi tu kusimama akishika vitu. Mama aliporudi, mkungu bado uko kichwani.

Kwenye msiba, mbele ya watu wote, dada wa mume alisema, beseni ni yako, maji ni yako. Baba yao akavuka mpaka kwenda Beni akabaki hukohuko. Mama hakulia. Walipotoka kuzika alilitoa lile beseni nje, akalipondaponda kwa jiwe hadi likawa sahani. Kisha akaenda kwa jirani.

"Lakini haiko kila siku," Kabugho alisema. "Miaka inapita, hamwagi hata tone. Inaanza kama kwa uwanja kuko mutoto wa kusimama-simama. Hapa walivumilia, wakachoka. Akahamia Katwe, wakamufukuza. Kasese ni ya tatu."

"Kwa nini hasemi? Angesema neno moja tu, mimi ningeelewa."

"Mama anaweza kumwaga maji. Maneno hawezi." Kabugho alimtazama mtoto mgongoni, na safari hii hakutabasamu. "Na wewe unaita hiyo jina pale kwa mulango yake? Unaita mara ngapi kwa siku?"

"Kutwa," Aryemo alisema. "Naita kutwa."

Kabugho hakumwomba kitu. Alisema tu kwamba akisikia mama amefukuzwa tena atapanda pikipiki amfuate, ila Bwera hatakubali kurudi, na kwa Masika, kule Kasindi, mume wake hamtaki. Sijui tutamuweka wapi, alisema, na akageuka kumpimia mtu mawese.

Njia panda ya Kikorongo gari lilisimama ili watu wanunue samaki wa kuchoma. Aryemo hakushuka. Biira alikuwa amelala mapajani, mdomo wazi. Aryemo aliitoa barua kwenye pochi akaisoma upya, akisubiri hasira yake ya jana imrudie, na hasira haikuja. Lilibaki neno *afukuzwe*, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na chini yake sahihi ya kwanza: *Aryemo*.

Huku Kasese hakuna anayejua maana ya jina hilo, na yeye hajawahi kumwambia mtu. Kwao maana yake ni kufukuzwa. Mama yake alimzaa njiani, wakikimbia risasi, akamwita hivyo. Vita viliisha, lakini mama yake hadi leo, katika nyumba yenye mlango wa chuma, analala na kifurushi cha nguo na kiberiti kando ya kichwa. Watoto walipokuwa wadogo walikificha ili wamcheke. Siku moja walimwona akikitafuta, wakaacha. Hakuna aliyemwandikia barua.

Alianza kufikiri, na Aryemo akifikiri alifikiri kwa mikono. Jerikeni hazikuguswa kwa sababu zina vifuniko. Sufuria zilizo juu ya meza ya Immy hazijawahi kumwagwa, ndiyo maana Immy alisema hajawahi kumwagiwa. Maji haikai chini. Mama wa watu hakuwa anasema kwa mafumbo. Alikuwa anatoa maagizo, kwa Kiswahili chake, mara tatu kwa wiki, na mtu mwenye masikio mawili alikuwa anamjibu kuhusu mbinguni.

Alifika saa kumi na moja kasorobo. Uwanja ulikuwa umejaa. Mwenyekiti alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha Immy, muhuri wake juu ya goti ndani ya soksi. Majirani walikuwa wamekuja na vigoda vyao. Mabeseni mawili ya watu yalikuwa wazi chini kama siku zote, na la kwake la bluu, ambalo Opio kwa wema wake alikuwa amelijaza maji na maharage mapya alipoamka, lilikuwa katikati. Mlango wa Feresita ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kizingitini, na nyuma yake ilionekana mifuko miwili imeshafungwa. Hakuwa amesubiri muhuri. Alikuwa na uzoefu.

"Shahidi?" mwenyekiti aliuliza.

"Yupo, afande. Nipe dakika."

Alipita katikati ya watu akaenda kuchutama mbele ya Feresita, karibu kiasi kwamba wengine wasisikie. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, na yote yalikuwa yamemkimbia, kwa hiyo alisema yaliyobaki.

"Kabugho anakusalimu, mama."

Mkono wa Feresita ulishika kizingiti.

"Mimi si wa huku. Sikujua kuhesabu. Uliniuliza wa kwanza yuko wapi nikakutukana. Nakujibu leo. Wa kwanza ni huyu, sina mwingine. Kama jina linakuumiza, nitaanza kumwita Masika leo hii."

Huko nyuma Immy alikuwa anauliza watu wanasema nini, wanasema nini. Midomo ya Feresita ilijaribu jambo mara mbili ikashindwa. Mara ya tatu ikatoka, ndogo na kavu.

"Jina hapana beseni," alisema. "Haimwagwi. Wacha akae nayo."

Aryemo alifungua kanga, akamshusha mtoto mgongoni, akamweka mapajani kwa Feresita kabla yeyote kati yao hajapata muda wa kuogopa. "Basi nishikie," alisema. "Mikono yangu ina kazi."

Akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye beseni lake la bluu. Aliyatoa maharage kwa viganja akayatia kwenye sufuria, akaiweka sufuria juu ya meza ya Immy, katikati ya vitambaa. Kisha akaliinamisha beseni, akamwaga maji yote. Akaenda kwenye beseni la pili. Akamwaga. Mwenyewe akapiga yowe. Akamwaga na la tatu.

"Mama Biira," alisema mwenyekiti, "wewe sasa iko muzima?"

"Afande, shahidi nimempata. Amesema ni kweli, huyu mama alimwaga maji Bwera wakamfukuza. Na mimi nimemwaga, nimeyamwaga mengi kuliko yeye. Tufukuze wote wawili au uirudishe hiyo soksi mfukoni." Aliitoa barua kwenye pochi, akaichana mara mbili, akavitia vipande chini ya jiko ambalo Immy alikuwa amewashia pasi. "Kwenye uwanja huu kuna mtoto anayesimama. Mwezi ujao mtoto wa jirani yetu Ahabwe naye atasimama. Beseni wazi ni kisima kwa mtu wa kimo hicho. Kuanzia leo, hapa hakuna maji yanayokaa chini."

Immy alitaka kujua ni nini hasa alichoambiwa Bwera. Aryemo akamjibu kwamba ameambiwa kuna wanaojua kuuliza na kuna wasiojua kujibu, na zaidi ya hapo hatasema. Immy alitazama kizingitini, akamwona Feresita na mtoto, akafungua mdomo tena, kisha kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale akaufunga bila kuutumia.

Nyuma ya choo Opio alikuwa na miti sita ya mkaratusi aliyoihifadhi miezi mitatu, ya kumjengea Aryemo kibanda cha kuuzia chakula barabarani. Aryemo ndiye aliyekuwa akimsumbua kuhusu kibanda hicho kila Jumapili. Sasa alimwambia ailete yote, ile minne mizito na ile miwili ya kulalia, wajenge uchanja, mrefu, wa nyumba nzima, hapa katikati. Opio alimtazama mke wake kuona kama anatania. Akaenda kuchukua sururu.

Shimo la kwanza lilichimbika upesi, maana udongo ulikuwa umelowa vizuri. Mwenyekiti alikaa akitazama, kisha alishindwa kuvumilia jinsi Opio alivyoushika mti. "Hapana hivyo! Nyosha! Kushoto!" Akatia muhuri mfukoni, akavua koti, akaja kuushika mti mwenyewe. Watoto wa majirani wakaleta mawe ya kushindilia. Immy akasema kama ni uchanja wa wote basi sufuria zake zikae upande wa kivuli.

Walipofika kupima kimo cha mlalo, Opio aliuweka usawa wa kiuno chake. Aryemo akasema panatosha.

"Pandisha," ilisema sauti nyuma yao.

Feresita alikuwa amesimama, mtoto ubavuni, na alikuwa amekuja hadi katikati ya uwanja, kwenye matope, mahali alipozoea kufika kwa teke tu. Mtoto alikuwa amemshika rozari shingoni na anaivuta. Feresita alinyoosha mkono wake mwembamba, akaupiga mti juu zaidi, shubiri mbili juu ya kiuno cha Opio.

"Weka hapa. Biira itakuwa murefu."

Opio akaupandisha mti hadi pale mkono ulipokuwa, na mwenyekiti akamkabidhi misumari.